Ovahoo ya injini ya turbo ya Subaru EJ20 nyumbani: tafuta kwanza kilichoiua

Injini ya EJ20 iliyofanyiwa ovahoo (kufunguliwa yote na kujengwa upya) ikifa mara ya pili, mara nyingi huuawa na kilekile kilichoiua mara ya kwanza. Mwenye gari amenunua pistoni mpya, beringi mpya na gasketi halisi kutoka Japani, na kila bolti imefungwa kwa toki renchi, lakini chembe za chuma za beringi ya zamani zimebaki ndani ya kipoza oili. Au bomba la kufyonza oili lina ufa ambao hakuna aliyeutafuta. Au kompyuta ya injini bado inapiga hesabu za petroli ya Japani. Kwa hiyo hapa nitatumia nafasi kubwa kwenye uchunguzi na kwenye njia ya oili, na nitapita haraka kwenye kazi ambazo kila mwenye soketi nzuri anaziweza.

Injini tunayoizungumzia

Ni EJ20 ya turbo yenye kamshafti nne, ile ya Impreza WRX, STI na Forester za turbo. Familia ya EJ ilianza na Legacy mwaka 1989. Silinda zake nne zimelala, mbili kila upande. Kipenyo cha silinda ni mm 92, mwendo wa pistoni mm 75, jumla cc 1994. Silinda namba 1 na 3 ziko kulia, upande wa dereva kwa magari yetu, na 2 na 4 ziko kushoto. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-2-4. Yaandike haya ukutani, maana ukichanganya namba za silinda hata uchunguzi wako wote utaelekea pasipo.

Kwetu Afrika Mashariki injini hii haihitaji kupigiwa debe. Patrick Njiru alikimbiza Impreza kwenye Safari Rally miaka ya 1990, Richard Burns akaishinda Safari ya mwaka 2000 akiwa na Impreza, na magari yaliyotumika Japani yakashuka Mombasa na Dar es Salaam kwa miaka mingi. Subaru ilifunga ukurasa wa EJ20 huko Japani kwa toleo la mwisho la WRX STI, magari 555, lililotangazwa mwaka 2019. Maana yake ni kwamba injini uliyonayo imeshapita mikononi mwa watu, na historia yake huijui yote.

Soma namba iliyochongwa kwenye bloku kabla ya kununua spea yoyote. EJ205 ina bloku ambayo silinda zake hazijashikwa juu, EJ207 zimeshikwa kwa sehemu, na hilo linaamua nguvu unayoweza kuidai. Angalia pia beringi ya kuzuia krenki (shafti kuu ya injini) isicheze mbele na nyuma: bloku za awali zinaiweka kwenye nafasi ya tatu, za baadaye kwenye nafasi ya tano. Krenki ya moja haiingii kwenye nyingine. Wapo wanaogundua hili siku ya kufunga, na muuzaji hapokei mali iliyoshaguswa na oili.

Hatua ya 1: Chunguza kabla ya kulegeza bolti

Sikiliza kwanza. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) iliyokufa hutoa mlio mzito wa chini unaofuata mzunguko wa injini, na unazidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi. Injini ikiwa kwenye sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa gesi), chomoa soketi ya koili moja, sikiliza, irudishe, nenda kwenye inayofuata. Silinda ambayo ukiizima mlio unapungua, ndiyo yenye konrodi iliyolegea. Ukishathibitisha injini imenoki, yaani beringi yake imekufa, izime na usiiwashe tena, hata kwa kumwonyesha rafiki. Kila dakika inayozunguka inasambaza chuma kwenye hedi, kwenye turbo na kwenye kipoza oili, na konrodi inaweza kutoboa bloku.

Usiichanganye na mlio mwepesi wa pistoni unaosikika asubuhi na kupotea injini ikipata moto. Huo ni wa kawaida kwa EJ, kwa sababu sketi za pistoni zake ni fupi, na peke yake si sababu ya kufungua injini. Bati la kukinga joto la ekzosti nalo likilegea hulia kwa namna ya kumtisha mtu bure.

Toa filta ya oili, ipasue kwa kikata bati, ukunjue karatasi yake yote juu ya sinia nyeupe na uitazame juani. Vumbi au magamba ya rangi ya shaba au fedha ambayo sumaku haiyavuti yametoka kwenye beringi. Chembe zinazovutwa na sumaku ni chuma kigumu: angalia pampu ya oili, kamshafti na krenki. Filta safi ni habari njema kubwa kuliko kipimo kingine chochote utakachofanya siku hiyo.

Kisha pima kompresheni. Injini iwe na joto la kazi, plagi zote nne zitoke, fyuzi ya pampu ya mafuta ichomolewe, koili zichomolewe, betri iwe imejaa, na pedali ya gesi ikanyagwe hadi mwisho. Pima kila silinda kwa mizunguko ileile. Hapa kuna jambo ambalo watu wa Nairobi na wa Dar es Salaam hubishana bila kulijua. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha pungufu kwa karibu asilimia 18. Injini inayosoma psi 150 Dar itasoma karibu 123 Nairobi ikiwa na afya ileile. Kwa hiyo usihukumu kwa namba ya kitabuni peke yake. Tazama tofauti kati ya silinda: tatu zikisoma 125 na moja 85, hiyo moja ina kesi ya kujibu.

Mbinu ya kumimina kijiko cha oili kwenye silinda ili kutofautisha ringi na valvu haiaminiki sana kwenye injini iliyolala, kwa sababu oili hukaa upande wa chini tu wa silinda. Tafuta geji ya kupima uvujaji kwa hewa ya kompresa. Weka silinda husika pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, ingiza hewa, kisha tembeza sikio. Hewa ikisikika kwenye koo la kuingizia hewa, ni valvu ya kuingiza. Kwenye ekzosti, ni valvu ya kutoa. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Mapovu kwenye tanki la kulanti ni hedi gasketi. Uvujaji chini ya asilimia 10 ni mzuri. Ukipita 20, injini inafunguliwa.

Moshi nao una lugha yake. Wa bluu ukiachia gesi kwenye mteremko, au wakati wa kuwasha baada ya gari kulala, huelekeza kwenye sili za valvu au sili za turbo. Wa bluu ukikanyaga hadi busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) inapanda, pamoja na hewa inayopuliza kwa nguvu kwenye mdomo wa oili, huelekeza kwenye ringi au pistoni iliyovunjika kingo za ringi. Moshi mweupe wenye harufu tamu ni kulanti. Gari linalosukuma kulanti kwenye chupa ya akiba kila likipanda mlima, kisha likipoa halirudishi, lina gesi ya mwako inayopenya kwenye hedi gasketi, hata kama oili yake bado ni safi bila maziwa.

Halafu kuna lile gari ambalo haligongi wala halitoi moshi wa bluu, ila halivuti. Hapa usifungue injini kabla ya kupima uvujaji wa busti. Ziba mdomo wa turbo kwa kifuniko chenye nipeli, ingiza hewa taratibu hadi kama bar 1, pakaza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, intakula (kipoza hewa ya turbo), hosi na gasketi ya manifoldi. EJ nyingi hupima hewa kwa sensa iliyo kabla ya turbo. Hewa ikivuja baada ya sensa hiyo, kompyuta inamwaga petroli kwa ajili ya hewa ambayo haikufika, na gari linatoa moshi mweusi, linakata kata na linakula mafuta. Ndiyo maana valvu za kupuliza hewa nje kwa ajili ya mlio sizikubali kwenye gari hili: kila ukiachia gesi, mchanganyiko unakuwa mzito. Ile ya kiwandani inayorudisha hewa ndani inatosha.

Taa ya cheki injini ikiwaka, soma kodi. P0301 hadi P0304 ni silinda inayomisi, na tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Kabla ya kulaumu pistoni, hamisha koili ya silinda hiyo kwenda nyingine. Kodi ikihama nayo, umeokoa injini nzima kwa dakika kumi.

Hatua ya 2: Kuitoa

Kazi hii ni rahisi kwenye Subaru kuliko magari mengi. Weka gari juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki peke yake wala matofali. Ondoa presha ya mafuta kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuizungusha injini hadi izime, chomoa betri, mwaga oili na kulanti, toa intakula na rejeta. Piga picha kila hosi na kila soketi ya waya kabla ya kuichomoa, kisha ifunge karatasi yenye jina. Ukiwa na gia boksi ya mkono ya gia tano yenye turbo, klachi ni ya kuvuta: lazima utoe shafti ya uma wa klachi kupitia kiziba kilicho kwenye gia boksi kabla ya kutenganisha, la sivyo utavuta hadi uvunje kitu. Gari la automatiki, fungua kwanza bolti za tokikonveta kupitia tundu la juu, na konveta ibaki kwenye gia boksi.

Tegemeza gia boksi kwa jeki, na injini ining'inie kwenye krini kupitia ndoano zake mbili. Ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Mtu asiweke mkono wala mguu chini yake.

Hatua ya 3: Kuifungua kwa mpangilio

Andaa meza safi, mifuko midogo na kalamu isiyofutika. Kabla ya kutoa kamshafti, pima nafasi ya kila valvu kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na uandike. Hesabu hiyo ndiyo itakayokuambia vikombe vipi vya valvu uagize. Kila kikombe, valvu na springi virudi mahali pake. Usivichanganye kwenye ndoo moja.

Bolti za hedi zinataka soketi ya pembe 12 iliyo nzima. Zilegeze kidogo kidogo kwa kufuata mpangilio wa kitabu.

Hedi zikishatoka, watu wanaotoka kwenye injini za Toyota hukwama, kwa sababu bloku ya EJ haipasuliwi pistoni zikiwa zimefungwa kwenye konrodi. Kuna viziba mbele na nyuma ya bloku. Vifungue, zungusha krenki hadi pini ya pistoni ikae sawa na tundu, toa klipu kwa koleo nyembamba, vuta pini, kisha sukuma pistoni itokee juu. Pini zimekaa kwa miaka na kaboni imezishika, kwa hiyo tengeneza kivutio cha bolti ndefu na bomba badala ya kupiga nyundo. Baada ya hapo ndipo unafungua bolti za bloku na kuitenganisha nusu mbili.

Hatua ya 4: Soma mabaki

Usioshe kitu bado. Panga beringi zote mezani kwa mpangilio wa zilivyotoka, kila moja na mgongo wake, na pistoni mbele ya silinda zake. Kaa nazo, usiwe na haraka.

Beringi moja ya konrodi imesagika na nyingine zote ni nzuri: oili ilikatika kwa muda, au konrodi hiyo ilipigwa na mwako mbaya. Zote zimechubuka, na zile za krenki pia: oili ilikuwa kidogo, chafu, imechanganyika na petroli, au pampu na bomba la kufyonza vina tatizo. Upande wa juu tu wa beringi za konrodi umepondeka: injini imekuwa ikipata mlipuko holela, yaani sehemu ya mchanganyiko inajilipukia yenyewe badala ya kuwaka kwa utaratibu, na pigo linashuka moja kwa moja kwenye beringi.

Pistoni iliyovunjika kingo kati ya ringi ni ushahidi huohuo wa mlipuko holela, na kwenye EJ za turbo silinda ya nne inatajwa sana. Pistoni nyingi za kiwandani ni za kusubu, ngumu lakini hazivumilii mapigo. Mdomo wa pistoni ulioliwa vijitundu vidogo, au porcelini ya plagi yenye vinukta vya aluminiamu, vinasema hivyohivyo. Sababu tafuta kwenye mafuta, kwenye tyuni (mpangilio wa kompyuta ya injini), kwenye hewa ya moto, au kwenye injekta iliyoziba ya silinda hiyo. Peleka injekta zote zipimwe mtiririko zikiwa bado nje. Bei ya kuzipima haifikii hata pistoni moja.

Kama huwezi kutaja kilichoiua injini kwa sentensi moja, hujamaliza hatua hii. Usiende dukani.

Hatua ya 5: Njia ya oili

Hapa ndipo ovahoo inapofaulu au kufeli.

Kipoza oili, kile kinachokaa kati ya bloku na filta na kupitisha kulanti, kina vyumba vyembamba ndani ambavyo petroli na kompresa haviwezi kuvisafisha. Kama beringi ilisagika, kitupe na uweke kipya. Wengi hapa hubana matumizi, na chembe zilizobaki humwagika kwenye beringi mpya dakika ya kwanza ya kuwasha. Mabomba ya oili ya turbo nayo yabadilishwe, na kila bolti yenye tundu inayopeleka oili ifunguliwe. Kwenye baadhi ya injini za EJ, bolti hizo zina kichujio kidogo cha wavu ndani, na kikiziba turbo inakufa kwa kiu.

Bomba la kiwandani la kufyonza oili ndani ya sampu (trei ya oili chini ya injini) huwa na historia ya kupasuka pale lilipounganishwa. Ufa ukitokea, pampu inavuta hewa pamoja na oili, na presha inakatika kwenye kona. Weka jipya lililoimarishwa. Na kama sampu imegonga mawe na kubonyea, inyooshe au ibadilishe, kwa sababu mbonyeo huo unaziba mdomo wa bomba.

Pampu ya oili ina skrubu kwenye bamba lake la nyuma ambazo hulegea zenyewe. Hata pampu ikiwa mpya kutoka kwenye boksi, fungua skrubu moja moja, paka gundi ya nati, funga tena. Njia zote za oili ndani ya bloku, krenki na hedi zipitishwe brashi ndefu na maji ya moto yenye sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha kausha kwa hewa na upake oili mara moja kuzuia kutu.

Hatua ya 6: Vipimo na kazi za mashine

Nyumbani unaweza kupima. Kukata chuma peleka kwa wenye mashine. Maikromita ya mm 50 hadi 75 itakupa jarida za krenki (sehemu zake zinazozunguka ndani ya beringi), ambazo za katikati ni mm 60, na za konrodi ni 52 kwa injini nyingi za aina hii. Jarida ikiwa na mstari unaokwama kwenye ukucha, krenki imeshaathirika. Subaru ina beringi za kupunguza za mm 0.03, 0.05 na 0.25, lakini krenki zilizotiwa ugumu wa juu, kama za STI, zikisagwa sana zinapoteza gamba lile gumu. Mimi napendelea krenki nzuri nyingine kuliko iliyosagwa.

Silinda zipimwe kwenye kina tatu na pande mbili. Zikiwa za duara bado, honi mpya (kukwaruzwa upya kidogo kwa jiwe) inatosha. Zikiwa zimechakaa, zinatobolewa hadi 92.25 au 92.50 kwa pistoni za saizi hizo, na fundi lazima afunge bamba la chuma mahali pa hedi wakati wa kutoboa. Bloku hii ni ya aluminiamu na hujipinda bolti za hedi zikikazwa. Silinda iliyotobolewa bila bamba itakuwa duara mezani na yai kwenye gari. Mpe fundi pistoni zako mkononi kabla hajaanza. Pistoni za kufua zinapanuka zaidi kuliko za kusubu na zinataka nafasi kubwa, iliyoandikwa kwenye karatasi yao.

Uso wa hedi na wa bloku: weka rula ya chuma iliyonyooka kwa ulalo, na fila geji ya mm 0.05 ikipita chini yake, uso ukaskimiwe. Gasketi za chuma za tabaka nyingi hazisamehi uso wenye mikwaruzo.

Hatua ya 7: Kufunga

Chagua siku isiyo na upepo wa vumbi na funga mlango. Torati ya hatua hii ni kitabu cha fundi cha namba yako halisi ya injini, kwa sababu toki hutofautiana kati ya EJ moja na nyingine. Bolti za hedi hukazwa, hulegezwa kabisa, hukazwa upya, kisha humaliziwa kwa nyuzi, si kwa nguvu ya mkono. Tumia bolti mpya, na pakaza oili kwenye meno na washa.

Ringi zipimwe nafasi ya mdomo kila moja ndani ya silinda yake, ikiwa imesukumwa chini na pistoni ili ikae sawa. Kwa turbo ya barabarani, kanuni ninayoifuata ni kama 0.005 ya kipenyo, yaani karibu mm 0.46 kwa silinda ya 92, na ringi ya pili iachwe pana kidogo kuliko ya kwanza. Mdomo mwembamba mno hukutana joto likipanda na ringi inavunja pistoni. Mpana kidogo unakugharimu oili kidogo tu.

Nafasi ya beringi ipimwe kwa plastigeji (uzi laini unaobanwa, kisha upana wake unapimwa), injini ikiwa kavu, bolti zikazwe kwa toki kamili, usizungushe krenki. Kwa beringi za krenki kiwandani wanalenga mm 0.010 hadi 0.030. Kisha paka mafuta mazito ya kufungia na ufunge moja kwa moja.

Silikoni ya kuunganisha nusu mbili za bloku iwe uzi mwembamba. Ile inayofurika ndani hukatika na kwenda kukaa kwenye wavu wa bomba la kufyonza, na hapo umetengeneza kifo kingine kwa mkono wako. Pistoni zinaingia mwisho, pini zikipitishwa kwenye matundu yaleyale. Hakikisha kila klipu imeingia kwenye mfereji wake, na ziwe mpya. Ziba matundu ya bloku kwa vitambaa unapozifunga, klipu moja ikidondoka ndani utaipasua bloku upya.

Hatua ya 8: Taimingi belti

Pistoni na valvu za injini hii zinagongana belti ikikosewa. Alama ya krenki unayoitumia ni kijimstari kilicho kwenye ukingo wa nyuma wa gurudumu la meno, kinacholingana na alama ya pampu ya oili. Mshale ulio usoni mwa gurudumu usiutumie. Alama sahihi ikiwa juu, pistoni zote nne ziko katikati ya mwendo na unaweza kuzungusha kamshafti kwa usalama zaidi. Za upande wa kushoto zina springi zinazozisukuma, zitakuruka. Zishike kwa spana na uzizungushe taratibu kwa njia fupi, kwa sababu valvu za kuingiza na za kutoa zinaweza kugusana zenyewe kwa zenyewe.

Mistari miwili ya magurudumu ya kila upande itazamane, mistari mmoja mmoja ilingane na alama za kava. Tenshena ibanwe kwenye vaisi ikiwa wima, polepole sana, kisha pini yake iingizwe. Ukishaitoa pini, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na uangalie alama upya. Ikikataa kuzunguka, simama, usilazimishe.

Hatua ya 9: Turbo

Shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni bila mabawa kugusa nyumba yake ni sawa. Kucheza mbele na nyuma si sawa. Mabawa yaliyolika ncha au kupinda yamekula kitu, na hicho kitu kilipita. Intakula ioshwe ndani, maana mabaki ya turbo iliyovunjika hukaa humo. Injini iliyonoki imepeleka chuma kwenye turbo pia, hivyo ifunguliwe na isafishwe au ibadilishwe.

Hatua ya 10: Kuwasha

Funga geji halisi ya presha ya oili kabla ya siku hii. Taa ya oili ya dashibodi huwaka presha ikiwa imeshuka hadi takriban kPa 15, wakati ambapo beringi zimeshaumia. Kitabu kinataka angalau kPa 98 kwenye mizunguko 600 na kPa 294 kwenye 5,000, oili ikiwa na joto la nyuzi 80.

Jaza kulanti taratibu kupitia tanki la juu, skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta ikiwa wazi, ukibinya hosi. Injini iliyolala huhifadhi mapovu, na povu moja kwenye hedi linatosha kuipinda. Chomoa koili na fyuzi ya pampu ya mafuta, legeza bomba la oili la turbo, piga stata kwa vipindi vifupi hadi geji ipande na oili itoke kwenye bomba hilo. Likaze. Sasa rudisha koili na fyuzi, washa, macho yakiwa kwenye geji ya oili tu. Presha isipopanda ndani ya sekunde chache, zima.

Baada ya dakika kama ishirini zima, mwaga oili, pasua filta. Chembe ndogo za honi ni za kawaida. Magamba ya shaba hapana. Tumia oili ya madini ya kawaida kwa kilomita za mwanzo. Usiiache ikisimama kwenye sailensa saa nzima: ringi hukaa kwa kazi. Endesha kwenye barabara yenye milima midogo, kanyaga kwa wastani bila busti kubwa, kisha achia gesi gari lishikwe na injini, rudia. Badilisha oili na filta kwenye kilomita 100, tena 500, tena 1,500, na kila filta ipasuliwe.

Hatua ya 11: Tyuni

Magari ya soko la Japani yalitengenezewa petroli ya oktani ya juu inayouzwa huko ikiwa karibu 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo, na kompyuta ikiachwa na ramani ya zamani, itachelewesha mwako baada ya mlipuko holela kutokea, si kabla. Nunua mafuta ya oktani kubwa unayoweza kuyapata kila siku, na tyuni ifanywe kwa mafuta hayohayo. Kwa watu wa nyanda za juu, kumbuka kwamba ili kusukuma bar 1 kwenye hewa nyembamba turbo inafanya kazi kubwa zaidi na hewa inatoka ikiwa ya moto zaidi. Usinakili ramani ya gari la pwani.

Funga sensa pana ya mchanganyiko. Ukiwa kwenye busti kamili na petroli, lenga sehemu 11.0 hadi 11.5 za hewa kwa moja ya petroli. Kwa kompyuta zinazokubali, programu ya bure ya RomRaider na waya wa Tactrix vitakuonyesha marekebisho ya mlipuko silinda ikifanya kazi. Marekebisho yakiendelea kushuka kwenye mzigo, ondoa busti na utafute sababu kabla ya kukanyaga tena.

Na kila unapojaza tanki, vuta kijiti cha oili. EJ yenye afya inaweza kula kidogo, na oili ikiwa chini ya alama, kona moja kali inatosha kuacha bomba la kufyonza likivuta hewa.